Nakala Nne za Mwanamke wa Mtoni

Mtu wa kwanza kusoma hadithi yangu alikuwa dereva wa lori, Mkenya, aliyekuwa akisubiri karatasi zake za mpakani katika ofisi ya usafirishaji nilikofanya kazi ya kupiga chapa, kule upande wa viwandani Mbale. Nilimpa saa nne asubuhi ili apoteze muda. Saa nane alirudi kutoka hotelini, akaziweka zile kurasa saba mezani pangu kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudisha leso ambayo mwenzake ameshapengea.

"Dada, wewe ni mtu mbaya," akasema. "Nilikuwa nimeagiza samaki. Nimefika pale hadithi inasema vidole, nikasukuma sahani mbali. Hata sasa nasikia harufu. Hii kitu ulitoa wapi?"

"Kichwani," nikamjibu.

"Basi hicho kichwa ni kichafu," akasema. Kisha akaniuliza kama anaweza kumpelekea mwenzake aliyekuwa nje kwenye gari naye asome.

Nilifurahi. Afadhali niliseme hilo mapema kabla sijaanza kujitetea. Nilifurahi siku nzima, nikarudi nyumbani nikiwa na mwendo wa bibi harusi, kwa sababu nilikuwa nimemkosesha mtu mzima chakula chake kwa maneno tu. Nilijiona fundi. Leo nikiikumbuka furaha ile nasikia kinyaa, na sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Ni kile cha kooni, cha kukuta unywele kwenye mchuzi wakati nusu yake umeshaimeza.

Jibu nililompa dereva lilikuwa uongo, kwa hiyo ngoja nieleze hadithi ile ilitoka wapi.

Sisi ni wa wale Waislamu ambao mababu zao waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari, wakaachwa huku, wakaoa, wakazeeka. Kiswahili kwetu ni cha kuombea chumvi kwa jirani. Kwa watu wengi wa hapa ni lugha ya kambi, lugha ya kuamriwa ulale chini. Utawala wa kijeshi ulipoanguka, sisi sote tulihesabiwa kuwa watu wa walioanguka, hata wale ambao hawakuwahi kushika bunduki wala fimbo ya kufukuzia mbuzi. Wakati huo tulikuwa tukiishi Jinja.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mjane mmoja aliyekuwa akifuma kawa, zile kubwa za rangi nyingi za kufunikia chakula. Alikuwa na binti mmoja tu, wa miaka kumi na tisa, na mimi nilikuwa na ishirini na miwili. Tulisukana nywele, tulioga pamoja, tuligombana kwa sababu ya kitana. Wiki ile askari wa zamani wakitoka na wapya wakiingia, binti alikwenda kutafuta unga asubuhi moja. Hakurudi. Mama yake alizunguka mji mzima na kanga moja kichwani, akiuliza hata watu waliokuwa wakimtukana. Siku ya sita watu wakaleta habari kuwa kuna mwanamke amekwama kwenye matete, kule chini ambako mto unatoka ziwani. Wanaume wawili wa kwetu wakaenda na mkeka.

Najua baadhi yenu mnasubiri nieleze alikuwa vipi. Sitaeleza. Niliwahi kueleza mara moja, na hayo ndiyo haya ninayoyasimulia. Itoshe kusema kuwa uso haukuweza kumsaidia mtu yeyote. Mjane alitazama kiunoni tu. Kulikuwa na shanga, safu mbili, za kijani na nyeupe. Nusu ya wasichana wa Jinja walikuwa nazo, zilikuwa zikiuzwa sokoni na mama mmoja yule yule. Mjane akazishika kwa vidole viwili, akasema, "Ni wangu. Iteni wa kuosha."

Wa kuosha alikuwa shangazi yangu, dada yake baba. Kwetu kazi ya kuosha maiti haiombwi wala hailipwi, na ina masharti yake. Mlango unafungwa. Wanaingia wachache. Maiti haachwi wazi hata kidogo: anafunikwa shuka kutoka kifuani hadi magotini, na mwoshaji anapitisha mkono chini ya shuka, nao mkono wenyewe umefungwa kitambaa. Anaosha asichokiona. Na likionekana jambo humo ndani, kama ni jema unaweza kulisema ukitoka, kwamba uso ulikuwa mtulivu, kwamba mwili ulikuwa mwepesi. Lingine lolote unakwenda nalo kaburini mwako mwenyewe.

Siku ile shangazi aliniita mimi nimimine maji, kwa sababu wanawake wengine walikuwa wamekimbia au wanafunga mizigo. Mwili haukuweza kusuguliwa. Ulikuwa wa kumwagiwa tu, taratibu, kwa kopo. Katika kumwaga, maji yakavuta shuka pembeni kwa muda wa kupepesa jicho, nikaona chini ya kitovu kovu refu lililosimama wima, na alama za nyuzi huku na huku. Lilikuwa kovu la mwanamke aliyezalishwa kwa kisu.

Binti wa jirani yetu hakuwahi kuzaa. Tumbo lake nililijua kama langu.

Shangazi naye aliliona. Alirudisha shuka mahali pake, akanitazama juu ya ule mwili, akasema, "Mimina." Nikamimina.

Baadaye tukiwa bombani tunaosha mikono kwa sabuni, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, si yeye."

"Nani amekuuliza?"

"Lakini mama yake..."

"Mama yake amepata wa kuzika. Wangapi hawajapata?" Akafunga bomba. "Ulichoona humo ndani, kiache humo ndani."

Tulimzika Jinja kabla ya adhuhuri, akiwa na jina la binti yule. Wiki haikuisha tukahamia Mbale, tukiwa tumebanana na masanduku yetu, sisi na mjane pamoja. Yeye akapata chumba mtaa wa Nabuyonga, milango miwili kutoka kwetu, akaanza tena kufuma. Barabara ilipotulia akawa anapanda basi kila mwaka kwenda Jinja kung'oa majani kaburini. Alikuwa akirudi miguu imevimba na uso umelainika, anapita kwetu kwanza kabla hata hajavua viatu, anasema, "Nimemwona mtoto wangu." Shangazi anamwambia, "Alhamdulillahi, mwenzangu," huku anamtilia chai. Mimi nainama kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Miaka ikapita hivyo. Nchi ikaanza kupumua. Sukari ikarudi madukani, watu wakaanza tena kupaka nyumba rangi, na mimi nikapata kazi ya kupiga chapa kwa msafirishaji. Alasiri zilikuwa ndefu na bosi alikuwa mtu wa kulala baada ya chakula. Mashine ilikuwa pale, karatasi zilikuwa pale. Nikaanza kuandika vihadithi vya mapenzi, vibaya sana, nikavichana. Halafu siku moja nikaandika sentensi moja kuhusu maji yanayovuta shuka, na mkono haukusimama tena.

Nilijidanganya kuwa nimeficha vya kutosha. Mji sikuutaja. Mjane nilimfanya mke wa fundi cherehani. Shanga nilizipa rangi nyekundu. Lakini kovu niliacha pale pale, mwoshaji niliacha, na lile neno "mimina" niliacha kwa sababu lilikuwa tamu. Kisha nikafanya jambo ambalo shangazi hakulifanya maisha yake yote. Katika ukurasa wa pili, mwoshaji wangu anaiondoa shuka, anaitupa kando, na kalamu yangu inaanza kwenye nywele na kushuka hadi kwenye kucha za miguu bila haya. Kurasa mbili nzima. Samaki walichokula na walichobakiza. Nilidhani huo ndio ushujaa wa mwandishi, kutazama kila kitu. Nikapiga chapa kwa kaboni: nakala moja safi na tatu chini yake. Ya nne ilitoka hafifu mno, herufi zake kama nyayo za kuku kwenye vumbi kavu.

Nakala ya kwanza ndiyo iliyokwenda na madereva. Ilitoka na yule wa samaki, ikavuka mpaka, ikazunguka huko Kenya wiki tatu, ikarudi. Nilipoletewa niliikimbilia kama barua ya mchumba. Ilikuwa na alama za chai na grisi, na pembeni wasomaji walikuwa wameandika kwa kalamu za wino. Mmoja ameandika "Woi!" Mwingine ameandika "Hapa ongeza." Na kwenye ukurasa wa tatu, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma, mtu ameandika: "Matiti umesahau."

Nilikwenda chooni nikakaa huko. Nilijaribu kufuta kwa mate, kisha kwa wembe, karatasi ikatoboka. Nilimtukana mtu yule kimoyomoyo kwa matusi yote niliyoyajua, nguruwe, mwana wa nguruwe, lakini nikisoma tena maneno yangu yaliyokuwa juu ya maneno yake, sikuona mpaka uko wapi. Mimi ndiye niliyemvua. Yeye amenikumbusha nilipobakiza. Hata hivyo, na hili ndilo linalonichefua zaidi, niliporudi mezani nilijiuliza kama kweli ukurasa ule ulikuwa na upungufu.

Nakala ya pili nilimpa karani mzee wa ofisini, Mgisu, mwenyeji wa huku Mbale, mtu wa kanisa na mwenye adabu. Aliirudisha siku ile ile.

"Madamu, mimi nasoma mstari tano tu, naacha."

"Kwa sababu ya maiti?"

"Hapana. Maiti tumeona mingi. Ni hii Kiswahili." Alisema bila hasira, akiwa anapanga risiti. "Mimi walinilaza chini kwa lami na hii Kiswahili, watoto yangu wanaangalia. 'Lala chini! Toa kiatu!' Sasa mtu akiniandikia kitu ya kifo na hiyo lugha, naona kama ni wao wananiandikia. Utanisamehe, madamu."

Nilinuna. Nilimwona mshamba asiyejua kutofautisha lugha na buti, na kwa siku mbili sikumsalimu ipasavyo. Mzee wa watu aliendelea kuniletea chai yangu.

Lakini nakala iliyonitoa jasho ni ya tatu. Niliipeleka kwa mume wa binamu yangu, mwenye duka la jumla mjini, mtu wa safu ya mbele msikitini, kwa sababu nilitaka jamaa zangu nao wajue kuwa katika ukoo kuna mwandishi. Huo ulikuwa ulevi mtupu. Aliwasomea wazee wenzake dukani baada ya swala ya alasiri, juu ya magunia ya mchele. Siku iliyofuata akaniita. Alikuwa anakula sambusa.

"Hii ni ya kweli ama ya kubuni?"

"Ya kubuni, shemeji."

"Sawa. Kwa sababu kama ni ya kweli, basi ni kule mlikotoka, na pale Jinja kwenye makaburi yetu kuna mtu hatujui dini yake. Amezikwa na sanda na dua, na pengine ni kafiri. Hiyo si jambo ndogo. Itabidi tuulize."

"Kuulizia nini? Mtamfukua?"

"Kuuliza si kufukua." Akapangusa mafuta kwenye midomo. "Kwanza tuulize ni kaburi gani. Jinja wakati ule waoshaji wa kike walikuwa watatu. Wawili Mungu amewachukua. Amebaki nani?"

Alijua amebaki nani. Alikuwa akinitazama akitafuta jibu usoni mwangu, na vipande vya nyama vimemnasa kwenye ndevu. Hakuna aliyekuwa amemtapisha huyu. Yeye hadithi ilimfungulia hamu. Nilitamani kumwambia kuwa mtu aliyelala matopeni sijui siku ngapi na kuliwa na samaki ameshaulizwa maswali ya kutosha, ila sikuthubutu, maana maswali haya nilimpelekea mimi mwenyewe yakiwa yamepigwa chapa.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Kama watamfikia shangazi, watamfikia na mjane. Mwanamke aliyekuwa akivimba miguu kila mwaka ili amwone mtoto wake ataambiwa, na mtu mwenye sambusa mkononi, kuwa hana kaburi. Nikaamua kukusanya nakala zote nizichome kabla ya Ijumaa, siku ambayo wazee wote hukutana msikitini. Ya madereva nilikuwa nayo. Ya karani nilikuwa nayo. Ya shemeji niliipata kwa kumdanganya kuwa nataka kusahihisha makosa. Aliitoa, lakini swali lake alibaki nalo. Ya nne, ile hafifu, nilikuwa nimempa mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi, jirani yetu Nabuyonga.

"Mimi iliniuma macho," mwalimu akasema, "kwa hiyo nikaisoma kwa sauti, ndiyo naelewa vizuri. Nilimsomea mama wa kawa. Anapenda hadithi akiwa anafuma. Pale herufi zimepotea nilijaza mwenyewe."

Nilishika mlango. "Alisema nini?"

"Aliniambia nirudie. Nikarudia. Halafu akasema umwone, Ijumaa baada ya swala."

Ijumaa asubuhi nilimweleza shangazi kila kitu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilitegemea kofi, na kofi lingenisaidia. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, akatoa jiwe moja, akalitupa mlangoni.

"Mimi nilikuita umimine maji," akasema. "Nilikuita kwa kazi hiyo tu."

"Twende wote, Shangazi."

"Nenda peke yako. Mimi sina la kumwambia. Miaka yote hii nilikaa kimya vizuri."

Mjane alikuwa amekaa mkekani na kawa iliyofika nusu, nyuzi za zambarau na za njano zikiwa zimelowekwa kwenye beseni kando yake. Aliniambia nikae. Hakuniletea chai, naye ni mtu ambaye hata mkusanya kodi alikuwa akimpa chai. Hapo nikajua.

"Mwalimu alisoma," akasema. "Nimesikia yote."

Nikaanza kuomba radhi, maneno yakitoka kwa vurugu, mkono wake wenye sindano ukanyanyuka kunizuia.

"Nauliza kitu moja. Huyu mwanamke, shuka yake iko wapi?"

"Shuka?"

"Shuka. Unasema mwoshaji anatoa shuka, anatupa. Halafu anaosha, anaosha, wewe unaandika, unaandika, hakuna mtu anarudisha. Nilimwambia mwalimu arudie, nikafikiri pengine imepotea kwa zile herufi zimefutika. Hapana. Hata sanda hukuandika. Hadithi imeisha, mwanamke bado iko wazi pale juu ya ubao. Madereva wanapita. Watu ya duka wanapita. Kila mtu anaangalia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, kilio, laana, kuzimia, isipokuwa hilo. "Ni hadithi tu, Mama," nikasema.

"Hadithi." Akageuza uso, akatema mate kwenye udongo nje ya mkeka. Sikuwahi kumwona akitema. "Mimi nilikusuka nywele wewe. Lakini unanitia kinyaa, mwanangu. Sitaficha. Unanitia kinyaa."

Alilisema polepole na kwa huzuni, kama daktari anayekuambia ugonjwa. Nililia. Hakunizuia wala hakunibembeleza. Alivuta uzi wa njano kwenye beseni, akaukamua, akaendelea kufuma.

Baadaye akasema, "Yule shemeji yako alikuja jana. Anauliza kaburi. Nikamwambia, yule ni wangu. Mimi ndiyo niliita wa kuosha, mimi ndiyo nilizika. Kama unataka kufukua, fukua mimi kwanza. Akaenda zake. Hatarudi."

Nilishusha pumzi. Kisha, na Mungu anisamehe, sikuweza kujizuia. "Na pale pa kovu, Mama. Ulisikia?"

"Nilisikia."

Akapitisha sindano mara tatu, nne.

"Mwanamke wa kovu ana mtoto," akasema. "Sasa huyo mtoto ni mkubwa. Anatafuta mama yake, hajui iko wapi. Mimi najua. Kila mwaka mimi nang'oa majani kwa mama yake." Sindano ikasimama. "Na wangu? Kwa wangu nani anang'oa?"

Sijui kama alikuwa amelijua tangu siku ile alipozishika zile shanga, au kama alilijua wiki ile, kutoka kinywani mwa mwalimu aliyekuwa akijaza herufi zilizopotea. Swali lilinifika kwenye ulimi. Kwa mara ya kwanza nililimeza, na sikuliuliza hadi mwisho.

Niliichukua ile ya mwalimu, nikazichoma zote nne uani kwetu, shangazi akiwa amenipa mgongo. Siku chache baadaye nilipiga chapa sentensi moja kwenye karatasi safi, kwamba mwoshaji alimfunika, akamvisha sanda, wakamtoa. Nikampelekea mjane. Hakujua kusoma, na hakumwita mwalimu amsomee. Aliikunja, akaiweka chini ya mto wake, akaniambia nimfungie mlango nikitoka.

Mwaka uliofuata alikwenda Jinja kama kawaida. Nilimwomba nimsindikize, nimbebee ndoo. Akasema mzigo wake ni mwepesi, akaenda na shangazi. Jioni walipofika stendi ya mabasi nilikuwa nawasubiri. Miguu ilikuwa imevimba kama siku zote. Alipita kwetu, akakaa kabla ya kuvua viatu, akapokea chai kutoka kwa shangazi. Sote tulingoja ile sentensi yake.

"Nimefika," akasema. Akanywa chai.

Alisema hivyo hivyo mwaka uliofuata na mwaka ule mwingine. Lile la kumwona mtoto wake halikurudi tena mdomoni mwake. Nililichukua mimi, kwa kurasa saba, nikampa dereva asiyejua hata jina la mjane apotezee muda kabla ya chakula.

Alifariki Mbale, kitandani mwake, mchana, wakati wa mvua za kwanza. Shangazi alikuwa amezeeka sana, mkono wa kulia unatetemeka, lakini hakukubali mtu mwingine amwoshe mwenzake. Alihitaji wa kumimina. Nilikuwa nimeshajaza ndoo, nimeshatia majani ya mkunazi, nimeshajifunga kanga kiunoni. Nilifika mlangoni. Shangazi akaichukua ile ndoo mkononi mwangu, akampa mwalimu wa kike, ambaye hakuwahi kuosha maiti.

"Wewe kaa huko," akaniambia, akafunga mlango.

Nilikaa kizingitini. Nikasikia maji yakimiminwa, yakinyamaza, yakimiminwa tena. Wanawake waliokuwa uani walikwepa macho yangu. Kulikuwa na kawa moja ya zambarau ukutani, haijamaliziwa, na nilijishughulisha kuhesabu mistari yake.

Mlango ulipofunguliwa shangazi alitoka akiwa na mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kwetu mtu haulizi. Mimi nilimtazama tu usoni. Alisimama, akanitazama naye, na mdomo wake ukajikunja vile unavyojikunja mtu akifunua sufuria ya mboga iliyolala.

"Hata leo unatafuta," akasema.

Na kweli nilikuwa natafuta.